Kamera ya Milioni Tatu, Stuli ya Elfu Arobaini

Zamani ukitaka kuuza kitanda hapa Keko, Dar es Salaam, ulikitoa nje, ukakifuta vumbi la mbao, ukakaa pembeni yake na gazeti. Mteja akipita anagonga ubao kwa kidole, anauliza, "Mninga huu?" Unamwambia mninga. Anabisha. Unakipindua umwonyeshe upande ambao haujapakwa vanishi, ananusa, anaridhika, ndipo mnaanza kugombana bei. Watu wamesomesha watoto kwa biashara hiyo.

Leo seremala akikaa nje na kitanda chake watu wanamwonea huruma. "Mzee, hauko mtandaoni?" wanauliza, kwa ile sauti ya kumwuliza mgonjwa kama ameshaonana na daktari. Ukiwajibu kwamba uko, na picha zako unazirusha kwenye stetasi ya WhatsApp kila asubuhi, wanatikisa kichwa. Picha? Picha zimepitwa na wakati, mzee. Sasa hivi ni video. Watu wanatelezesha kidole juu ya kioo cha simu, na wewe una sekunde 3 za kuwakamata. Sekunde 3, jamani! Mimi kumsalimu mteja tu, habari za kwake, za kazi, watoto hawajambo, foleni ya leo ikoje, dakika nzima imekwisha na kabati bado hatujaligusa.

Haya, nikakubali video. Ilipojulikana tu kwamba mzee wa makochi anatafuta kifaa cha kurekodia, ikadhihirika kwamba mji huu una washauri wa kamera wengi kuliko kamera zenyewe. Na kila mshauri, kwa bahati nzuri kabisa, anajua mtu anayeuza.

Alianza mpwa wangu. "Mjomba," akaniambia, "bila kamera ya mirolesi ya fulu fremu hapa hatutoboi." Akanionyesha bei kwenye simu yake: milioni 3 na ushee. Nikauliza kama wanaleta mpaka nyumbani. Akasema hiyo ni bodi tu. Lenzi kivyake, betri ya akiba kivyake, memori kadi kivyake, begi kivyake. Bodi tu! Mimi nikiuza kitanda nauza na chaga zake. Sijawahi kumwambia mteja, mama, huu ni ubao wa kichwani, chaga ni laki 2, na ukitaka miguu tuongee.

Nikamwuliza fulu fremu ndiyo nini. Akaeleza vizuri, haki yake simnyimi. Ndani ya kamera kuna kipande kinachopokea mwanga. Cha fulu fremu ni milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya zile filamu za mkanda tulizokuwa tunapeleka studio kusafishwa. Cha simu unaweza kukilaza juu ya ukucha wa kidole gumba. Kipande kikiwa kikubwa, gizani unaona vizuri, halafu kitu cha mbele kinakaa wazi na nyuma kote kunafifia. "Huko kufifia ndiko kunaleta ladha ya sinema, mjomba."

Sasa nyuma ya kochi langu kuna kabati, na kabati nalo linauzwa! Kwa nini nilifiche kwa milioni 3 wakati pazia lipo? Tena kochi lenyewe la watu watatu lina karibu mita 2. Mkono wa huku ukionekana na wa kule ukawa ukungu, mteja wa Keko namjua: atauliza huo mkono wa pili una kasoro gani.

Kitu kimoja tu kuhusu hizo kamera kilinigusa moyo. Kwa miaka mingi, nyingi kati ya kamera za picha zinazorekodi pia video zilikuwa zinajizima kurekodi zikifika dakika 29 na sekunde 59. Hazikuwa mbovu. Ulaya ilikuwa ikitoza ushuru mkubwa zaidi kwa kifaa kinachoweza kurekodi dakika 30 au zaidi, kwa hesabu kwamba hicho sasa ni kamera ya video. Watengenezaji wakakata sekunde moja, ushuru ukawapita pembeni. Niliposikia hivyo nikawavulia kofia. Hao ni watu wa Kariakoo, basi tu wamezaliwa Japani.

Baada ya mpwa akaja mpiga video wa harusi. Huyu hakuja kushauri, alikuja na mzigo kabisa. "Mzee, hii nimeipigia harusi mbili tu." Sijui kwa nini kamera zote za mkononi zimepiga harusi mbili tu. Harusi nyingine zote za mji huu zilipigwa na nani? Maandishi ya kitufe cha kurekodia yamefutika kwa kubonyezwa, mpira wa kushikia umebanduka, lakini harusi ni mbili. Nilipoonyesha sina haraka akatoa nyingine begani, kubwa, ya kuvutia sana kwa mbali. Ya kanda! Zile kanda ndogo za MiniDV zilizotoka katikati ya miaka ya 1990. Nikamwuliza kanda zenyewe nitazipata wapi mwaka huu. Akasema ndiyo maana anauza rahisi.

Jirani yangu wa viti vya baa yeye alikuwa na ndoto za juu, juu kweli kweli. Droni. Turushe droni, tuonyeshe karakana zote kutoka angani, makochi yamepangwa, muziki unalia. Nikamkumbusha kwamba droni nchini hairushwi tu mtu akijisikia. Kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kuna vibali. Akasema hatutaenda juu sana. Ndugu yangu, huu mtaa ni Keko. Gereza la Keko lipo! Unarusha kidude chenye kamera jirani na gereza, kinaning'inia juu ya ukuta, halafu askari akija unamwambia nini? "Afande, natangaza kabati"?

Jirani huyohuyo ndiye aliyenunua gimbali, ule mkono wa umeme unaoshika simu isitikisike ukitembea. Kifaa kizuri, sikatai. Ukifuata bibi harusi anaingia ukumbini, kinakufaa. Kabati langu halitembei. Siku likitembea sitaita mpiga video, nitaita shehe.

Na stendi? Kila orodha inaanza na stendi ya miguu mitatu, na ile ya dukani ni vijiti vya bati vinavyotetemeka bajaji ikipita. Mimi ni seremala. Nikanunue miguu mitatu ya bati kwa mtu mwingine? Nilichukua mabaki ya mninga, nikachonga miguu, nikaipiga msasa, nikaipaka vanishi. Dukani nilinunua kile kibanio cha kushikia simu tu, chenye tundu la skrubu ya robo inchi, kipimo kilekile kinachotumika kwenye stendi za kamera karibu dunia nzima. Hapo sina malalamiko. Laiti watengeneza chaja wangekuwa na adabu ya watengeneza skrubu.

Maana nilipotaka maiki ndipo nilipojua mateso. Maiki siyo anasa, na hapa naomba wafanyabiashara wenzangu wanisikilize badala ya kuhangaikia kamera. Mtu atavumilia video yenye kiza kidogo. Asiyoisikia ataipita. Na Keko, sauti iko kila mahali isipokuwa mdomoni mwako. Mashine ya randa inalia, msumeno unajibu, jenereta ya jirani inasindikiza, muuza kahawa anagonganisha vikombe, gari la matangazo linapita likisema kuna dawa ya kunguni. Simu ukiiweka mita 2 kutoka kwako inasikia vyote kwa usawa, haina upendeleo. Video ya kwanza ambayo mpwa aliipiga, mteja aliyeiona aliuliza dawa ya kunguni ni bei gani.

Dawa yake ni kimaiki cha kubana kwenye kola, shibiri moja chini ya kidevu. Kiko karibu na mdomo, kwa hiyo sauti yako inaizidi nguvu randa. Visivyo na waya vya bei ya kawaida vinapatikana Kariakoo, na kwa elfu 30 au 40 unaondoka nacho. Tatizo ni kuondoka nacho kinachofanya kazi.

Mtaa wa Aggrey, winga, yule dalali wa mtaani, haulizi unataka nini, anauliza una kiasi gani. Nikasema nataka maiki ya simu. "Ipo, bosi!" Akaniletea taa. Nikasema maiki. Akaleta maiki, nikamwonyesha simu yangu, nikauliza kama itaingia. "Inaingia, bosi." Hajaitazama hata simu. Kwa winga kila kitu kinaingia. Ukweli ni kwamba kuna maiki za tundu la mviringo, nazo zina aina mbili: pini yenye mistari miwili myeusi ni ya kamera, yenye mistari mitatu ni ya simu, na ya kamera ukiichomeka kwenye simu unaweza kuongea mpaka magharibi bila simu kukusikia. Kuna za Type-C. Kuna za iPhone za zamani. Halafu mwaka 2023 iPhone 15 ikaja na Type-C, kwa hiyo sasa hata wenye iPhone hawaazimani. Ukisema una iPhone tu, winga anakufungia yoyote iliyo karibu na mkono wake.

Mbinu yangu ni moja na naigawa bure. Usilipe kwanza. Chomeka palepale, rekodi palepale, kisha sikiliza kwa spika za masikioni. Hakuna maabara ya kupimia maiki kuishinda Kariakoo saa 6 mchana. Ikikutoa sauti pale kati ya spika za wauza nguo na honi za bodaboda, itakutoa popote. Winga atanuna. Mwache anune, na ukimaliza mdai risiti ya EFD ili anune kwa sababu ya maana.

Taa nayo. Kila duka lina ile taa ya duara. Imetengenezwa kwa ajili ya uso wa mtu: unasimama mbele yake, inafuta mikunjo, inaacha kaduara keupe ndani ya mboni. Wauza wanja na mawigi wanaipenda, na wana haki. Lakini mimi nauza meza za kujipambia zenye kioo kirefu. Ukiiwasha, ndani ya kioo linatokea duara jeupe, na katikati ya duara mzee mmoja wa Keko ameshika simu akiwa amekunja uso. Kwenye mlango wa kabati lenye vanishi ni vilevile, isipokuwa mzee anakuwa wa kahawia.

Mwanga mzuri Mungu ametoa bure, ila una ratiba. Saa 6 mchana Dar jua liko utosini. Kochi linapata mwanga juu na giza chini, miguu haionekani. Asubuhi kabla ya saa 3, au jioni kuanzia saa 11, sogeza kochi karibu na mlango, mwanga uje kwa ubavuni, upande wa giza simamisha shuka jeupe liurudishe. Mama watoto amelalamika kuhusu shuka. Nimemwambia milioni 3 zingenunua mashuka mangapi, akanyamaza, halafu akauliza kwa nini basi hatununui.

Na zima balbu za ndani ukitumia mwanga wa mlangoni. Hili ni la muhimu kwa sisi wa mbao. Mwanga wa mchana una ubluu, balbu ya njano ina unjano, simu ikikuta vyote viwili inachanganyikiwa, na mninga wako unatoka rangi ya chungwa bivu. Mteja amelipa usafiri wa kirikuu mpaka Goba, anashusha kitanda, anapiga simu: "Mzee, si hiki nilichokiona." Na ana haki. Ukilazimika kununua taa, tazama kwenye boksi herufi CRI: ni kipimo cha ukweli wa rangi, kinaishia 100, tafuta 95 kwenda juu. Boksi nililoonyeshwa mimi halikuwa na CRI, lilikuwa na picha ya mzungu anacheka.

Halafu kuna ile mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye video ukipigia ndani. Fundi mmoja aliniambia simu imeingia maji. Haijaingia maji. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, taa nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100, jicho halioni, lakini simu iliyopangwa kurekodi picha 30 kwa sekunde inaona. Nenda kwenye mipangilio ya kamera, kama inakuruhusu chagua 25 au 50, na kwa kawaida mistari hutulia. Nimekuokolea hela ya fundi.

Bado sijamaliza, kuna wimbo wa 4K. "Inapiga 4K hii, bosi!" Sawa, nukta 3840 kwa 2160, mara 4 ya zile 1920 kwa 1080. Ila mara 4 ya nukta zinataka pa kukaa. Hata kwenye simu inayobana mafaili vizuri, dakika moja ya 1080 inakula kama megabaiti 60, ya 4K inakaribia 170. Memori inajaa, bando linakwisha, na ukiirusha WhatsApp inabanwa tena huko huko njiani. Mwisho wa yote mteja anaitazama ndani ya daladala la Mbagala, amesimama mguu mmoja, kioo cha simu kimepasuka, jua limempiga. Hizo nukta milioni 8 anazionea wapi? 1080 inatosha, simu ikiwa wima.

Simu ipi? Uliyo nayo, kama si ya enzi za vitufe. Ifute lenzi tu. Karakana nzima ni vumbi la mbao, lenzi ina mafuta ya vidole na vanishi, halafu mtu analalamika video yake ina ukungu na anatafuta mkopo wa kununua kamera. Kitambaa laini cha miwani. Basi. Na usitumie ile lenzi pana ya 0.5 ukasogelea kitanda: miguu ya mbele inanenepa, ya nyuma inakonda, ubao wa kichwani unapinda, na fundi aliyekitengeneza anataka kulia. Weka 1 au 2, rudi nyuma hatua chache.

Muziki nao, mpwa alitaka kuweka wimbo unaotamba. Wimbo una mwenyewe na COSOTA ya hakimiliki ipo, na TikTok nayo akaunti za biashara imezitengea maktaba yake ya nyimbo zilizoruhusiwa. Nikamwambia mninga hauhitaji kucheza.

Tukapiga, basi, video ya meza ya kujipambia. Asubuhi, mlangoni, maiki kwenye kola, stendi yangu ya mninga. Watu wakaja kwenye maoni kwa wingi. Wengi walikuwa wanaulizia ile stendi iliyoonekana kwenye kioo, bei gani. Nimeshauza kadhaa.

Lakini waliobaki waliuliza kitu kilekile ambacho Watanzania wote wanauliza chini ya kila tangazo: "Bei?" Na hapa ndipo hasira yangu halisi ilipo. Pita mtandaoni uone. Mtu amekodi kamera, amewasha taa tatu, droni imezunguka, mwanadada amezunguka, kochi limezunguka, na mwisho wa yote: "Bei njoo inboksi." Ukienda inboksi anakujibu, "Habari, karibu sana, upo wapi?" Nipo kwenye kochi la zamani, ndugu yangu, na kwa mwendo huu nitazeekea hapo hapo. Wanasema wanaficha bei washindani wasijue. Washindani gani? Mimi na jirani yangu tumetenganishwa na bati moja. Kila nikipatana na mteja yeye anasikia mpaka nilipokohoa.

Kwa hiyo mimi, ambaye simuuzii mtu kamera, nasema hivi. Anza na kitambaa. Kisha mlango wenye mwanga. Kisha stendi, na hiyo ukija Keko tutapatana. Kisha maiki, hapo ndipo utoe hela bila kunung'unika. Taa, kama unafanya kazi usiku. Kamera kubwa inunuliwe mwisho kabisa, na ijinunue yenyewe kwa faida ya mauzo, isinunuliwe kwa mkopo wa kausha damu. Halafu ukishasimama mbele ya simu, taja mbao gani, taja vipimo, taja mahali, na taja bei. Bei haiuzwi Aggrey. Unayo kichwani tangu asubuhi. Mwenye kamera ya milioni 3 aliyeificha amewaburudisha wapita njia. Mwenye simu iliyopasuka aliyesema "stuli elfu 40, Keko Magurumbasi, njoo kesho" ndiye anayeamka na oda.